Uko Nansio, kompyuta iko Nyegezi: uipigie simu au upitie intaneti?

Mwenye duka Nansio, kisiwani Ukerewe, aliyeacha kompyuta ya hesabu nyumbani Nyegezi, Mwanza, hahitaji kuelezwa faida za kuingia kwenye mashine yake akiwa mbali. Katikati kuna ziwa, na meli ikishang'oa nanga haimrudii mtu aliyesahau faili. Anachotaka kujua ni njia ipi imfae. Wahasibu wanauliza, walimu waliohamishiwa visiwani wanauliza, wenye mizigo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba wanauliza. Na wapo wanaouliza kuhusu modemu za zamani za simu ya mezani, vile vifaa vinavyogeuza data kuwa milio ya simu, ambazo bado unaziona kwenye meza za mafundi zikiuzwa bei ya kutupa: hivi huwezi kuchomeka moja nyumbani, nyingine ukaenda nayo, ukaipigia kompyuta yako kama unavyompigia mtu?

Unaweza, na zamani ndivyo ilivyofanyika. Leo kwa walio wengi sishauri, ila sababu si kasi peke yake kama wengi wanavyodhani. Naanza na kitu ambacho modemu ile ilikifanya vizuri kuliko nyingi zilizoifuata, kwa sababu ndicho kinachoamua uchague nini katika hizi mpya.

Kompyuta yenye namba yake

Ukichomeka modemu kwenye laini ya mezani, kompyuta inapata namba inayoanza na 028 kama simu nyingine za mezani za Mwanza. Yeyote mwenye modemu na laini anaweza kuipigia moja kwa moja. Hakuna akaunti ya kufungua, hakuna programu inayotaka barua pepe yako. Modemu ya nyumbani unaiamuru ipokee baada ya mlio wa pili kwa amri fupi, ATS0=2, kisha unaondoka. Ukifika unakokwenda unapiga, inaita, inapokea, zinakwaruzana kwa ile milio yao, na muda si muda mmeunganishwa. Windows 98 na XP zote ziliweza kupokea simu ya namna hiyo.

Windows NT ilikwenda mbele zaidi: ilipokea simu yako, ikakutambua, ikakata, halafu ikakupigia yenyewe kwenye namba uliyoiandikisha kabla. Mwizi aliyeijua nywila yako akiwa kwenye simu nyingine aliambulia patupu, na gharama ya muda wa maongezi ilihamia laini ya nyumbani. Zilikuwepo hata kompyuta zilizolala zimezimwa, simu ikiita modemu inaziamsha. Ukilinganisha na leo, hilo la kuamsha mashine kwa simu moja tu ndilo nalionea wivu.

Sasa geukia modemu ya USB au ruta ya 4G yenye laini ya mtandao wa simu. Kompyuta inatoka kwenda intaneti vizuri kabisa, lakini wewe uliye nje huioni. Anwani inayoonekana nje ni ya mtandao wa simu na inatumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Kompyuta yako iko ndani, nyuma yake. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa mtandao wa simu. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, si ya kufikiwa kutoka nje. Ndiyo maana yale maelekezo ya kufungua mlango (port) kwenye ruta yanawakwamisha watu: unachofungua ni mlango wa chumba chako, geti la nje ufunguo anao mwingine.

Kwa hiyo njia za leo zimegeuza mambo. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayotoka kwanza, inakwenda kwa seva (kompyuta inayowaka muda wote kwenye intaneti) ya mtu wa tatu na kukaa pale inasubiri. Wewe nawe unakwenda palepale, mnakutanishwa. AnyDesk, TeamViewer, Chrome Remote Desktop na RustDesk zina majina tofauti, lakini utaratibu ni huo mmoja.

Hesabu ya waya wa shaba

Boksi la modemu limeandikwa 56 kbps, yaani biti elfu 56 kwa sekunde. Usidanganyike na hiyo namba kwa kazi hii. Kasi ya 56 ilipatikana upande mmoja tu, wa kupokea, na kwa sharti kwamba anayepigiwa ni kampuni ya intaneti iliyounganishwa na simu kwa laini ya kidijiti. Modemu mbili za nyumbani zikipigiana juu ya waya wa kawaida, mwisho wake ni 33.6 kbps, tena waya ukiwa mzima na karibu na kituo cha simu.

Kwa kasi hiyo, kitabu cha hesabu cha Excel cha KB 300 kinachukua sekunde 73 hivi, na hilo linavumilika. Tatizo linaanza ukitaka kuona skrini. Skrini ya laptopu ya kawaida, 1366 kwa 768, ikitumwa yote bila kubanwa ni zaidi ya MB 3, yaani kama dakika 12 na nusu kwa picha moja iliyosimama. Ndiyo maana programu za enzi zile ziliminya kila kitu: rangi zilipunguzwa, picha ya nyuma ya skrini ikaondolewa, na sehemu iliyobadilika tu ndiyo iliyotumwa. Remote Desktop, programu ya Windows yenyewe ya kuona skrini ya kompyuta iliyo mbali, ilitumia ujanja mwingine, ikituma maagizo ya kuchora badala ya picha yenyewe: hapa weka dirisha, hapa andika neno. Mpaka leo ukifungua mipangilio yake ya mwonekano utaona chaguo la kasi ya modemu ya 56 kbps. Lichague hata ukiwa kwenye 4G. Madirisha yanapoteza urembo wake, lakini mashine inakusikia upesi, na bando linakaa.

Malipo nayo yalikuwa ya aina nyingine. Laini ya mezani inahesabu dakika, bando linahesabu MB. Kwenye waya, ukikaa kimya unafikiri fomula ya Excel, unalipa sawasawa na anayepakua faili. Kwenye bando, kufikiri ni bure, ila mtu akiacha video inacheza kwenye kompyuta ya nyumbani wakati wewe umeunganishwa, kila picha ya video hiyo inapita kwenye salio lako. Anayefanya kazi polepole na kwa makini anapata unafuu kwenye bando.

Halafu radi. Nani asiyezijua mvua za usiku za ziwa hili? Waya mrefu wa shaba unaopita juu ya nguzo mpaka ndani ya nyumba yako ni njia nzuri mno ya radi kuingilia, na modemu ndiyo ya kwanza kuungua; ikiwa ya ndani, inaweza kuondoka na ubao mama. Ongeza mtoto anayenyanyua mkono wa simu sebuleni ukiwa katikati ya kazi, ukaishia kuanza upya.

Lakini yote hayo watu waliyavumilia. Kinachonifanya nisishauri ni kwamba laini yenyewe imeadimika. Simu nyingi za mezani unazoziona leo ndani zina laini ya kadi kama ya mkononi, na nyingine zinapita kwenye faiba. Mtandao wa simu za mkononi unabana sauti ya mtu kwa namna inayofaa maneno ya binadamu, GSM ya kawaida kwa takriban kbps 13. Mlio wa modemu ukipita humo unatoka umeharibika hata modemu ya pili haiutambui. Kwenye faiba, sauti inakatwa vipandevipande kama data, na modemu hukata au kushuka kasi vibaya. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi kwa modemu ya mtumba, fuata waya wa simu yako kwa macho mpaka unakotokea. Ukiishia kwenye kisanduku chenye antena au ruta ya faiba, mjadala umefungwa.

Unataka kuona skrini, au unataka faili?

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mama mmoja wa magunia ya mpunga aliniita kwake nimwekee AnyDesk.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka nikiwa Nansio niingie kwenye kompyuta ya stoo nione yamebaki magunia mangapi."

"Kuna kingine unachotaka kufanya humo?"

"Niandike nini na mimi sina muda? Nataka kuona hiyo namba tu."

Huyo hahitaji kuingia kwenye kompyuta. Anahitaji lile jedwali liwe sehemu ambayo simu yake inalifikia. Google Drive inatoa GB 15 bila malipo. Kijana wa stoo akihifadhi jedwali humo, mama analisoma kwenye simu hata kama stoo umeme umekatika tangu asubuhi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kutoingia kabisa: mashine ya nyumbani si lazima iwe imewaka. Syncthing inafanya kazi inayofanana, mafaili yakihama kati ya vifaa vyako wenyewe bila kuhifadhiwa kwa kampuni yoyote, lakini vifaa vyote viwili lazima viwe hewani kwa wakati mmoja. Kwa mahali umeme unapokuwa wa kubahatisha, naona Drive inashinda.

Tahadhari moja tu, nayo ni kubwa. Usiweke humo folda ya programu ya hesabu inayofanya kazi, kama Tally au QuickBooks. Mafaili yake yanaandikwa muda wote programu ikiwa wazi, na nakala ikichukuliwa katikati ya uandishi unaweza kupata kitabu kisichofunguka. Kwa programu za aina hiyo inabidi uingie kwenye mashine yenyewe, na hapo ndipo skrini inapohitajika kweli.

Programu za skrini, kwa kifupi

Chrome Remote Desktop ni ya bure, inakaa kwenye akaunti ya Google, na ndiyo rahisi kumfundishia mtu asiyependa mambo mengi. AnyDesk nyepesi kwa mtandao dhaifu, kwa maoni yangu inavumilia kuliko wenzake. TeamViewer ina mengi ndani yake. Hizi mbili ni bure kwa matumizi binafsi, na TeamViewer hasa ina macho: ikishuku kwamba unafanya biashara, inaanza kukukatia. Mwenye duka alijue hilo mapema. RustDesk ni programu huria, na fundi anayejua kazi anaweza kuiwekea seva yake mwenyewe.

Kuna njia ambayo wengi hawaigusi, nami naipenda zaidi kwa sababu inarudisha ile namba. Tailscale ukiiweka kwenye kompyuta ya nyumbani na kwenye laptopu yako, kila kifaa kinapewa anwani yake ya kudumu inayoanza na 100, inayoonekana kwa vifaa vyako tu. Mashine ikibadilisha laini, ruta ikizimwa na kuwashwa, anwani ni ileile. Unaipigia kompyuta yako kama zamani, kisha juu ya njia hiyo unatumia Remote Desktop ya Windows yenyewe, au SSH, njia ya kuiamuru kompyuta kwa kuandika amri tu, kama unatosheka na maandishi. Kikwazo ni kwamba Windows Home haipokei Remote Desktop; lazima iwe Pro. Angalia hilo kwanza, kwa sababu laptopu nyingi za dukani huja na Home.

Tailscale ni aina ya VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, na Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao. Iwe ni ya kampuni au yako binafsi, fuata utaratibu huo kabla hujaanza.

Kwa wanaotumia Linux, na wapo vijana wengi wa vyuo, maandishi peke yake kwenye mtandao mbovu hayana mpinzani. Ukurasa mzima wa maandishi ni KB 2 au 3. Hata waya wa shaba ungeubeba kwa chini ya sekunde. Ukiwa melini, mtandao unapotea katikati ya ziwa na kurudi ukikaribia minara ya upande wa pili, SSH ya kawaida itaganda. Mosh, mbadala wake uliotoka 2012, inasubiri, na mtandao ukirudi unaendelea pale ulipoishia.

Kasi ya kuangalia ni ya kupandisha

Mtu akipima mtandao anasoma namba ya kushusha na kufurahi. Kwa kazi hii ni namba isiyo na msaada kwa kompyuta ya nyumbani. Wewe unaposhusha, nyumbani inapandisha, na bomba lako ni jembamba kadiri ya upande ule. ADSL ya kwanza, kwa mfano, ilifika Mbps 8 kushusha lakini kupandisha iliishia kama Mbps 1, na laini za simu nyingi zina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo ukiwa na laini mbili za mitandao tofauti, pima zote nyumbani, usiku na mchana, ukitazama kupandisha. Nyumba zilizo mabondeni nyuma ya milima ya mawe zinashangaza: ruta ikihamishiwa dirisha linalotazama mnara, mambo yanabadilika kabisa.

Umeme unaamua kuliko programu

Hakuna programu inayoingia kwenye kompyuta iliyozimika. Kama ni ya mezani, ingia kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijaanza) uweke iwake yenyewe umeme ukirudi, na uzime usingizi kwenye Windows. Kama unaweza kuchagua mashine ya kuacha nyumbani, acha laptopu. Betri yake inaivusha kwenye zile kukatika za muda mfupi, na ukiweka kwenye mipangilio kwamba kufunga kifuniko kusifanye chochote, inakaa imefungwa kabatini bila kumsumbua mtu. Ila ruta nayo inataka umeme. Ruta ya mkononi yenye betri ndani, au UPS ndogo ya ruta, ina thamani kuliko kulipia toleo la gharama la programu yoyote niliyoitaja.

Nani achague nini

Anayetaka kuona namba na mafaili: Drive, asihangaike zaidi. Mwenye Tally au programu ya zamani ya Windows na mtandao wa kubahatisha: AnyDesk au Chrome Remote Desktop, rangi zipunguzwe, picha ya nyuma iondolewe. Mwenye Windows Pro na anayeingia kila siku: Tailscale na Remote Desktop, halafu asiwaze tena. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, nawaambia kwa utani kwamba saa nyingine ni nafuu kuifuata mashine yenyewe.

Na modemu kwa modemu? Namwachia mtu mwenye waya halisi wa shaba pande zote mbili, anayehamisha maandishi au mafaili madogo, na asiyetaka data yake ipite intaneti hata kidogo. Yupo, lakini ni mmoja mmoja. Naye asijione salama moja kwa moja: zamani walikuwepo waliokuwa wakipiga namba mfululizo, moja baada ya nyingine, mpaka modemu ipokee. Namba isiyojulikana si kinga. Nywila nzuri na kupigiwa simu ya kurudi ndiyo kinga.

Kwa wengine wote, mambo mawili hayana mjadala. Remote Desktop usiiweke wazi kwenye intaneti kwa mlango wake wa 3389, hata kama kampuni imekupa anwani ya kudumu; milango hiyo inatafutwa na wezi usiku na mchana. Na akikupigia mtu anayejitambulisha kuwa wa benki au wa mtandao wa simu, akikuomba namba ya AnyDesk, kata simu. Hakuna benki inayohitaji kuona skrini yako.

Jaribio lifanye kabla ya kupanda meli, ukitumia data ya simu yako na si Wi-Fi ya nyumbani, kwa sababu ndani ya Wi-Fi moja karibu kila kitu hufanya kazi. Ukishaingia, chomoa umeme wa kompyuta na ruta, subiri kidogo, urudishe. Isiporudi hewani yenyewe bila mtu kuigusa, bado hujamaliza kuipanga.